NI, IWE NA YAITWE PIA: MAANA YA KUPA THAMANI KATIKA USANIFU WA LUGHA ZA PROGRAMU



1.0 Utangulizi

Najua kuwa baadhi yenu mmeshangaa kuona mada ya kompyuta katika mhadhara wa taaluma za Kiswahili. Naomba kuanza na kisa kifupi ambacho, kwa maoni yangu, kinaonyesha kuwa mada hii ni ya lugha kabla ya kuwa ya mashine.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha darasa la mwanzo la uandishi wa programu. Niliandika ubaoni x = x + 1. Mwanafunzi mmoja, hodari wa hisabati, alinyoosha mkono akasema: "Mwalimu, hilo haliwezekani. Hakuna namba inayobaki ile ile ukishaiongeza moja." Nilimjibu kama nilivyojibiwa mimi nilipokuwa mwanafunzi: kwamba katika kompyuta mambo ni tofauti, azoee tu. Hakuzoea. Baada ya majuma machache aliacha somo.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Mwanafunzi yule alisema kweli, na mimi ndiye niliyeisoma alama vibaya. Niliisoma kwa sauti hivi: "x ni sawa na x kuongeza moja." Huo ni uongo. Lau ningesoma, "x iwe x kuongeza moja," nadhani asingekuwa na cha kupinga. Tofauti kati ya ni na iwe, ambayo mtoto wa Mswahili huijua kabla hajaanza shule, ndiyo tofauti ambayo wasanifu wa lugha za programu wamehangaika nayo tangu miaka ya 1940.

Mhadhara huu una shabaha tatu: kueleza utata uliomo katika tendo la kupa thamani, kuonyesha hasara ya utata huo, na kusanifu, hatua kwa hatua, lugha ndogo ya programu ambayo tendo hilo halina utata ndani yake, kwa kutumia vitenzi vya Kiswahili.

2.0 Alama moja, kauli nne

Alama ya = ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1557 katika kitabu cha Robert Recorde, tabibu na mwanahisabati wa Wales. Alichagua mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa zaidi ya hivyo. Basi tangu mwanzo alama hii ilikuwa ya kuarifu: upande huu na upande ule ni kitu kimoja, jana, leo na kesho.

Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa lugha ya FORTRAN, iliyobuniwa na kikundi kilichoongozwa na John Backus. Katika FORTRAN alama ile ile ilipewa kazi nyingine, yaani kuamuru. Mashine iliposoma X = X + 1 haikuarifiwa jambo; iliagizwa ikokotoe upande wa kulia, kisha iweke jibu mahali panapoitwa X. Alama ya kuarifu ikawa alama ya kuamuru, bila kubadilika sura.

Tukiisoma alama hiyo kwa Kiswahili tunapata kauli zisizopungua nne:

(a) Bei ni 500. Hii ni taarifa.
(b) Bei iwe 500. Hii ni amri. Kitenzi kimeishia kwa -e, umbo la matakwa na maagizo.
(c) Je, bei ni 500? Hili ni swali.
(d) Bei ina 500 ndani yake. Hapa bei ni chombo, na 500 ni kilichomo.

Msemaji wa Kiswahili hawezi kuzichanganya kauli hizi hata akitaka, kwa sababu umbo la kitenzi linamkataza. Alama ya = haikatazi lolote.

Wasanifu wengi waliuona utata huu mapema. Konrad Zuse wa Ujerumani, aliyebuni lugha ya Plankalkül katika miaka ya 1940, aliandika hesabu kushoto na jina la matokeo kulia, na katikati akaweka alama yenye maana ya "huzaa". Kamati iliyokutana Zürich mwaka 1958 na kuunda lugha iliyokuja kuitwa ALGOL 58 ilichagua alama :=, ambayo Niklaus Wirth aliiendeleza katika Pascal mwaka 1970. Kenneth Iverson alitumia mshale unaoelekea kushoto katika APL. COBOL, iliyoasisiwa mwaka 1959 kwa ajili ya kazi za biashara, ilitumia kitenzi cha Kiingereza MOVE, yaani hamisha. Nia ilikuwa njema, ila kitenzi kilipotosha. Ukihamisha kitanda kutoka chumba kimoja kwenda kingine, chumba cha kwanza hubaki wazi. Katika COBOL thamani hubaki kulikotoka na nakala yake ndiyo inayokwenda. Kuhamisha kwa maana ya kweli kulikuja kuenea baadaye kupitia lugha kama Rust, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015. Humo, kwa thamani za aina nyingi, jina la zamani halitumiki tena baada ya thamani yake kukabidhiwa jina jipya.

Hata hivyo, alama ya = ndiyo iliyoshinda. Ken Thompson alipobuni lugha ya B, mwishoni mwa miaka ya 1960, aliacha := iliyokuwa katika lugha aliyoirithi akarudi kwenye =. Hoja yake ilikuwa kwamba amri ya kupa thamani huandikwa mara nyingi kuliko swali la kulinganisha, hivyo amri ipate alama fupi na swali lipate alama ndefu, ==. Lugha ya C, ya Dennis Ritchie, iliurithi uamuzi huo, na baada yake zikafuata C++, Java, Python na nyingine nyingi.

3.0 Hasara ya utata

Katika C, amri ya kupa thamani yenyewe ina thamani, na kwa hiyo inaruhusiwa kukaa mahali pa swali. Mtu akikusudia kuuliza kama x ni 0, akasahau alama moja kati ya mbili, programu haitalalamika kuwa sentensi ni mbovu. Badala ya kuuliza, itaamuru. X itakuwa 0, na safari itaendelea.

Mwezi Novemba 2003 udhaifu huu ulitumiwa kwa makusudi. Mtu asiye na idhini alipenyeza mistari miwili katika nakala moja ya matini ya kiini cha Linux, mfumo endeshi unaotumika katika kompyuta nyingi duniani. Kwa msomaji wa haraka, mistari ile ilionekana kama ukaguzi wa kawaida: inauliza kama namba ya mtumiaji ni 0, ambayo katika mfumo huo ni namba ya msimamizi mwenye mamlaka yote. Ila palikuwa na alama moja ya = badala ya mbili. Programu ingepofika hapo isingeuliza kama mtumiaji ni msimamizi. Ingemfanya awe msimamizi. Hila iligunduliwa kwa sababu badiliko lile halikuwa na kumbukumbu katika hazina kuu ya matini, na halikuwahi kuingia humo.

Tukiifasiri hila ile kwa Kiswahili, ingesomeka: "ikiwa mtumiaji awe msimamizi". Sikio la Mswahili hulikataa tungo hili papo hapo. Ikiwa hudai kitenzi cha kuarifu; awe ni kitenzi cha kuagiza.

Mjadala huu haujaisha. Mwaka 2018 jumuiya ya lugha ya Python ilibishana vikali kama iruhusu kupa thamani ndani ya usemi mwingine. Pendekezo lilikubaliwa, lakini kwa alama tofauti, :=, iliyoingia katika toleo la 3.8 mwaka 2019. Baada ya mabishano hayo, mwasisi wa lugha hiyo, Guido van Rossum, aliachia nafasi yake ya kuwa na kauli ya mwisho.

4.0 Mtungi na maji

Utata wa pili umejificha ndani ya jina lenyewe. Katika amri "jumla iwe jumla + bei", neno jumla limetajwa mara mbili kwa maana mbili. Kulia tunataka kilichomo, kwa mfano 1,200. Kushoto hatutaki 1,200 hata kidogo. Tunataka mahali pa kuweka jibu. Ni kama mtungi na maji. Anayesema "chota mtungini" na anayesema "jaza mtungi" wametaja mtungi wote wawili, lakini mmoja anataka maji na mwingine anataka chombo.

Aliyeieleza tofauti hii kwa ukamilifu ni Christopher Strachey wa Uingereza, katika mihadhara aliyoitoa Copenhagen mwaka 1967. Alitofautisha thamani ya kushoto, yaani mahali, na thamani ya kulia, yaani yaliyomo. Maandishi ya mihadhara ile yalisambazwa kwa mkono kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kuchapwa rasmi mwaka 2000. Kutokana na fikra hizo tunapata kanuni ambayo kila mtekelezaji wa lugha huihitaji: usiweke jedwali moja la majina na thamani, weka mawili. La kwanza linaonyesha jina linakwenda kwenye kasha namba ngapi. La pili linaonyesha kasha hilo lina nini. Nitaliita la kwanza Jedwali la Majina, na la pili Ghala.

5.0 Mjomba akiumwa, baba ameumwa

Majedwali hayo mawili yanatufungulia utata wa tatu, ambao ndio mgumu kuliko yote.

Mtu mmoja huitwa baba na huyu, mjomba na yule, na mwalimu na wanafunzi wake. Majina ni matatu, mtu ni mmoja. Mjomba akiumwa, baba ameumwa. Kwa upande mwingine wapo mapacha. Hata wafanane vipi, Kulwa akiumwa Doto anaweza kuwa mzima. Swali ni hili: programu inaposema b = a, je, b ni jina jingine la a, au ni pacha wake?

Lugha hazina jibu moja. Katika Pascal, safu ya namba hunakiliwa, na hao ni mapacha. Katika Python, orodha haiguswi. Jina jipya tu ndilo hubandikwa. Katika Java, iliyotolewa mwaka 1995, namba hunakiliwa ilhali orodha hushirikiwa, na alama ni ile ile katika hali zote mbili.

Tuchukue mfano wa duka. Mwenye duka ana orodha ya madeni katika Python. Mwisho wa mwezi, kabla ya kufuta waliolipa, anaandika akiba = madeni, akiamini ameweka kumbukumbu. Kisha anafuta majina ya waliolipa katika madeni. Anapofungua akiba ili ajue ni nani walilipa, anakuta orodha zinafanana neno kwa neno. Hakukuwa na orodha mbili; palikuwa na orodha moja yenye majina mawili. Mashine haikukosea, na hakuna onyo lililotolewa. Hesabu ya mwezi imepotea kwa sababu lugha haikumlazimisha kusema alichokusudia.

6.0 Usanifu wa lugha ndogo

Sasa tujaribu kujenga. Lugha yetu itakuwa na sentensi zenye sehemu tatu: jina, kitenzi, na usemi. Vitenzi vya kupa thamani ni vinne.

6.1 Ni

kodi ni 18

Hii ni taarifa ya kudumu. Jina linaunganishwa moja kwa moja na thamani katika Jedwali la Majina, bila kufungua kasha. Kwa kuwa hakuna kasha, hakuna cha kubadilisha. Mtu akiandika baadaye "kodi iwe 20", kifasiri, yaani programu inayosoma matini na kuitekeleza, kitaikataa sentensi hiyo kabla ya kazi kuanza. Baada ya neno ikiwa, ni huwa swali: "ikiwa jumla ni 0". Katika nafasi zote mbili ni haibadilishi kitu.

6.2 Ianze na

jumla ianze na 0

Kifasiri kinakokotoa usemi, kinafungua kasha jipya Ghalani, kinaweka thamani humo, kisha kinaandika jina na namba ya kasha. Hapa tu ndipo kasha huzaliwa.

6.3 Iwe

jumla iwe jumla + bei

Hatua ni tatu, na utaratibu wake haubadiliki. Kwanza, usemi wa kulia unakokotolewa hadi mwisho. Pili, kasha la jina la kushoto linatafutwa. Tatu, kilichomo kinaondolewa na jibu linawekwa. Jedwali la Majina haliguswi. Ikiwa jina halijaanzishwa, programu inasimama na kutoa taarifa. Sharti hili dogo lina faida kubwa: mtu akikosea herufi na kuandika "jumal iwe 0", atajulishwa. Katika Python kosa hilo huzaa jina jipya kimyakimya.

Sentensi ya iwe haina thamani, hivyo haiwezi kukaa ndani ya swali. Hila ya mwaka 2003 haiandikiki katika lugha hii.

6.4 Yaitwe pia

madeni yaitwe pia ubao

Hapa Ghala haliguswi. Jina jipya, ubao, linaandikwa katika Jedwali la Majina kwa namba ya kasha ile ile ya madeni. Huyu ni mjomba ambaye pia ni baba. Hii ndiyo njia pekee ya kushirikisha kasha. Iwe na ianze na hunakili daima. Mwenye duka wetu akiandika "akiba ianze na madeni" amepata pacha. Akitaka jina jingine, hana budi kulitamka.

6.5 Gharama ya kunakili

Mhandisi atauliza: je, orodha yenye majina 100,000 inakiliwe kila mara? Si lazima. Tenda kama karani mvivu lakini mwaminifu. Unapoagizwa kunakili, usinakili; andika tu kuwa orodha hii sasa ina wadai wawili. Siku mmoja wao atakapotaka kuibadilisha, ndipo utoe nakala. Kama hakuna anayebadilisha, kazi imeokolewa na hakuna anayeweza kuona tofauti. Safu za lugha ya Swift, iliyotolewa mwaka 2014, hufanya kazi kwa mbinu hii.

6.6 Suala la upatanisho

Linabaki suala ambalo msanifu wa Kiingereza halijui. Kitenzi cha Kiswahili hufuata ngeli: jumla iwe, kiasi kiwe, jina liwe, madeni yawe, mteja awe. Kifasiri kifanye nini? Njia ya kwanza ni kugandisha umbo moja, iwe, kwa majina yote. Hiyo ni rahisi kwa mashine na inaumiza sikio. Njia ya pili ni kudai upatanisho sahihi. Lakini hiyo inahitaji kamusi nzima ya nomino, na haina jibu kwa majina kama x. Napendekeza njia ya tatu: kifasiri kikubali maumbo yote ya upatanisho, ambayo hayafiki 20, na kisikague ngeli. Mwandishi ataandika sarufi yake kwa heshima ya msomaji, na mashine itatazama kitenzi tu.

7.0 Pingamizi na hitimisho

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Itasemwa kuwa dunia inatumia Python na Java, na kwamba kumfundisha kijana wetu lugha ya programu isiyotumika kwingine ni kumfungia ndani. Nakubaliana na hofu hiyo. Sipendekezi lugha ndogo niliyoieleza ichukue nafasi ya hizo. Kazi yake ni kama ya kioo: inatuonyesha tunachokifanya tunapoandika =.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, kwa jina la Jambo OpenOffice. Kazi ile ilithibitisha kuwa kinachoonekana kwenye kioo cha kompyuta kinaweza kusema Kiswahili. Hatua inayofuata ni ya dhana. Mara nyingi uundaji wa istilahi huanza na neno la kigeni na kutafuta kisawe chake. Kwa tendo hili njia hiyo haitoshi, kwa sababu neno la kigeni lenyewe limebeba maana tatu. Tukitafuta kisawe kimoja, tutakuwa tumetafsiri utata pamoja na neno. Inafaa tuanze na dhana, tuzihesabu, kisha tuipe kila moja kitenzi chake. Vitenzi tunavyo.

Kwa walimu nina ombi moja lisilohitaji fedha wala vifaa. Mnapoandika = ubaoni katika somo la programu, msilisome "ni sawa na". Someni iwe panapoamriwa. Someni ni panapoulizwa. Na pale orodha inaposhirikiwa, someni yaitwe pia. Mwanafunzi atakayesikia vitenzi hivyo ataweza kwenda kwenye Python au Java akijua cha kuuliza kuhusu kila moja: je, hapa nimenakili, au nimeongeza jina tu?

Mwanafunzi niliyeanza naye sikupata nafasi ya kumjibu upya. Laiti angekuwapo hapa leo, ningemwambia kuwa alikuwa sahihi: hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ikiongezwa moja. Kuna kasha tu, na amri kwamba kilichomo kiwe kingine.